Jina Ubavuni mwa Basi

Ujerumani karibu kila basi la mikoani ni la kijani, la FlixBus. Mgeni kutoka nyumbani hudhani yupo tajiri mmoja mwenye mabasi mengi kupindukia. Sivyo. Kampuni hiyo inauza tiketi, inapanga ratiba na kutangaza. Basi, dereva na dizeli ni vya kampuni ndogo, nyingi za kifamilia, na mapato wanagawana. Jina la mwenye basi utaliona ubavuni kwa herufi ndogo, ukilitafuta.

Mambo haya ni mapya. Sheria ya miaka ya 1930 iliilinda reli, mabasi ya masafa yakabanwa hadi tarehe 1 Januari 2013. Soko lilipofunguliwa wengi waliingia, ila FlixBus ikaungana na mshindani wake MeinFernbus mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikamchukua mshindani mwingine, Postbus. Wadogo wakabaki kuendesha kwa rangi ya mwingine.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tulianzia upande wa pili: reli yenyewe ndiyo iliyokuwa na mabasi. Treni haikufika Iringa wala Mbeya, kwa hiyo enzi za mkoloni shirika la reli lilipeleka abiria kwa barabara kutoka Dodoma na Itigi. Baadaye ikaja lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, zikaja TAZARA, reli ya kwenda huko huko, na KAMATA, kampuni ya mabasi ya serikali. Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, watu binafsi wakajaa barabarani, kila mmoja na jina lake ubavuni. Mpaka leo abiria wa Mbeya huuliza kwanza "basi gani?", nauli baadaye.

Tatizo ni kwamba jina hilo mara nyingi ni mtu mmoja. Akifariki, warithi wanavutana, spea hazinunuliwi, basi moja linafunguliwa gia boksi ili jingine litembee. Na Kitonga, mteremko mkali wa Iringa kwenye barabara hiyo ya Mbeya, haijali jina. Dereva akishuka na gia kubwa huku amekanyaga breki mfululizo, ngoma za breki zinapata moto, breki zinaacha kushika. Akizidi kupampu, upepo kwenye mtungi unapungua haraka kuliko kompresa inavyojaza. Gia ndogo huingizwa juu, kabla mteremko haujaanza. Katikati ya kona, gari likishachanganya, gia haiingii tena.

Kwa hiyo cha kuiga kutoka Ujerumani si rangi moja. Ni dereva kupumzika dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu, na kifaa kinachorekodi muda huo bila kubembelezwa. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Madereva wawili wana maana tu kama yule wa pili amelala kweli, siyo kwenye kiti cha utingo akipiga soga.

Tiketi za pamoja pia tungeweza, wapiga debe wakipenda wasipende. Lakini basi la alfajiri kutoka Makete, lenye viazi kwenye buti na mgonjwa wa rufaa kiti cha mbele, linamhitaji mwenye basi anayejua leo mvua imekata njia wapi.