Kwa hiari ya nani?

Barua ilizungushwa barazani kama sahani ya kashata. Kila mmoja aliishika, akaisoma kwa sauti, akampa wa pili. Ni ya binamu yangu, fundi wa mitambo, miaka 8 kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga, na haina hata neno moja baya. Inasema kampuni "inajipanga upya", kwamba yeye "ameridhia kwa hiari yake kuhitimisha safari", na inamtakia heri "katika fursa mpya". Mzee wetu wa Ngamiani akashusha kikombe cha kahawa: "Mwanangu, tia sahihi. Wamekusitiri."

Mzee ana hoja. Sisi wa pwani ndio wenye tafsida. Kwetu mtu hafi, hututoka. Neno "kufukuzwa" likitamkwa mtaani, swali linalofuata ni kaiba nini, na mwajiri mpya huuliza hilohilo, ila yeye kavaa tai. Wenye mpira wana "thenkyu" yao na "makubaliano ya pande mbili". Serikalini uteuzi "hutenguliwa", na mhusika "atapangiwa kazi nyingine". Hakuna anayedanganyika, na mtu anaweza kwenda sokoni bila kuinamisha uso.

Binamu yangu alikataa kusaini, akaonekana mkaidi. Wengi walidhani anataka kugombana na kampuni, au hajui heshima. Yeye kilichomkera ni maneno mawili tu: "kwa hiari".

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kiinua mgongo mtu aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza mwaka kazini: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Tupige hesabu. Chukua mshahara wa 520,000 kwa mwezi, gawa kwa siku 26 za kazi, unapata 20,000 kwa siku. Siku 7 ni 140,000. Zidisha kwa miaka 8: 1,120,000. Haitoshi bodaboda mpya, lakini ni ada ya watoto na mtaji wa genge. Aliyeacha kazi mwenyewe hana dai hilo. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyejiuzulu. Neno moja la upole, na nyumba nzima inalilipia.

Tena hapo sijagusa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi. Ukiachishwa, kifungu cha 39 cha sheria hiyohiyo kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kihalali. Ukijiuzulu, mzigo unahamia kwako: uthibitishe kwamba ulisukumwa. Utathibitishaje, na sahihi yako ile pale chini? Hata kikao cha mashauriano ambacho kifungu cha 38 kinamdai mwajiri anayepunguza watu hakina haja tena, maana mtu kaondoka kwa ridhaa yake.

Siamini kwamba kila anayeandika barua hizi ni mjanja. Wengine wanaona haya tu. Afisa rasilimali watu aliyeandika hii kwao ni mtaa wa pili kutoka kwetu, na angependa kuendelea kusalimiwa.

Ila neno la stara tunalo siku zote: kupunguzwa. Halina wizi ndani yake wala uvivu. Wazee wa mashamba ya mkonge walilizoea uzalishaji ulipoporomoka. Jirani akisikia fulani kapunguzwa, alijua unga umemwagika, akabisha hodi na kibaba chake. Angebishaje hodi kwa mtu aliyekwenda kutafuta "fursa mpya"? Midomoni tusitiriane tutakavyo. Kwenye karatasi yenye mhuri, ionekane nani kamwacha nani.

Binamu yangu hakuichana barua. Alipiga mstari juu ya "kwa hiari yake", akaandika pembeni "nimepunguzwa", akairudisha. Akaambiwa asubiri jibu kutoka juu. Leo ni siku ya 11. Mzee bado anamwita mkaidi mbele ya watu, lakini juzi, tukitoka msikitini, alinivuta kando. Alikuwa amesikia kwamba malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ndani ya siku 30.

"Hizo siku," akaniuliza, "zinaanza kuhesabiwa lini?"