Pointi saba za Bottas

Sochi, Urusi, Septemba 30, 2018. Valtteri Bottas, dereva wa timu ya Mercedes katika mbio za magari za Formula 1, alikuwa ameanza mbele ya wote, na mbio zilikuwa zinamwendea vizuri. Mzunguko wa 25 kati ya 53, agizo likamfikia redioni: mpishe Lewis. Akapunguza mwendo, Mercedes ya pili, ya mwenzake Lewis Hamilton, ikapita, na ushindi ukaenda kwa Hamilton. Mbio zilipokaribia kuisha Bottas akauliza kama watamaliza hivyo hivyo. Wakamaliza hivyo hivyo. Hamilton mwenyewe hakushangilia, na alikiri kwamba hakutaka kushinda kwa namna ile.

Naikumbuka siku hiyo kila ninaposikia watu vijiweni wakisema kwamba dereva wa pili wa timu, yule anayetumwa kumsaidia mwenzake, ni wa pili kwa sababu hana kasi. Katika mbio za langalanga, yaani hizo za Formula 1, kauli hiyo imekuwa kama sheria, na wanaoisema hawajakaa chini wakapiga hesabu.

Tuipige. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 18. Agizo la Sochi lilimgharimu Bottas pointi 7. Msimu ulipoisha, msimamo wa madereva kuanzia nafasi ya tatu ulikuwa hivi: Räikkönen 251, Verstappen 249, Bottas 247. Bottas wa tano. Mrudishie zile 7, anafika 254 na kuwa wa tatu duniani. Sasa mnyang'anye Hamilton 7 alizopewa: anabaki na 401 dhidi ya 320 za Vettel wa Ferrari, mpinzani wake. Bingwa vilevile, kwa pengo la pointi 81. Yaani pointi ambazo kwa mmoja hazikubadilisha chochote, kwa mwenzake zilikuwa tofauti kati ya nafasi ya tatu na ya tano. Tena zilikuwa tofauti kati ya kushinda mbio na kutoshinda kabisa, maana rekodi ya Bottas ya mwaka huo haina ushindi hata mmoja. Wanaomcheka kwa msimu wa 2018 wanamchekea hapo hapo.

Mercedes nao walikuwa na sababu zao, na siyo za kubeza. Kabla ya Sochi Hamilton alimzidi Vettel kwa pointi 40 tu, na baada yake zilibaki mbio tano. Tairi za Hamilton zilikuwa zimeanza kutoka malengelenge na Vettel yuko mgongoni. Anayeongoza timu yenye mamia ya wafanyakazi hawezi kuchezea ubingwa kwa sababu ya huruma.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na langalanga ina ushahidi wake. Mwaka 2007 McLaren waliwaacha Alonso na Hamilton wagombane msimu mzima. Wote wawili wakamaliza na pointi 109, na Räikkönen wa Ferrari akachukua ubingwa kwa 110. Mwaka 2025 McLaren hao hao walikataa tena kuchagua kati ya Norris na Piastri. Baada ya mbio za Zandvoort, Uholanzi, mwishoni mwa Agosti, Verstappen wa Red Bull alikuwa pointi 104 nyuma ya Piastri. Msimu ukaisha Norris 423, Verstappen 421. Kule Monza, Italia, Piastri aliambiwa amrudishie Norris nafasi ya pili, iliyopotea kwa uzembe wa kubadilisha tairi. Zilikuwa pointi 3 kwa Norris. Bila hizo, kwa hesabu ya karatasi, angemaliza na 420 na bingwa angekuwa Verstappen. Anayetetea maagizo ya timu ana hoja nzito mkononi, nami siwezi kuipuuza.

Agizo, basi, naweza kulielewa. Daftari ndilo linalonishinda. Timu inamchukulia dereva wa pili pointi zake, halafu mwisho wa mwaka inafungua orodha ya pointi ili kuamua kama anastahili kubaki. Bottas alikaa Mercedes kuanzia 2017 hadi 2021, miaka ambayo timu ilitwaa ubingwa wa timu mfululizo, na muda wote huo alikuwa akipewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kwenye soka hatumhesabii kiungo mkabaji mabao. Tunajua kazi aliyotumwa.

Mtazame Sergio Pérez, mwenzake Verstappen katika Red Bull, Abu Dhabi, Desemba 12, 2021. Hamilton na Verstappen wamefika mbio za mwisho wakiwa sawa kwa pointi. Hamilton anaongoza, Verstappen yuko mbali nyuma yake. Pérez, kwenye tairi zilizokwisha, anaachwa barabarani amzuie Hamilton. Kwa karibu mizunguko miwili anamziba: akipitwa anarudi, akipitwa tena anarudi tena, hadi pengo la sekunde kadhaa linayeyuka. Verstappen akasema redioni kwamba Checo, yaani Pérez, ni gwiji. Mwishoni Red Bull wakaliita gari la Pérez ndani kwa hofu ya injini. Ukifungua matokeo ya siku ile, siku ambayo huenda alifanya kazi kubwa kuliko zote maishani mwake, mbele ya jina lake kuna sifuri.

Msimu wa 2023 Pérez alishinda mbio mbili kati ya nne za kwanza, sawa na Verstappen. Baada ya hapo gari likazidi kwenda njia ya Verstappen, mwenye kupenda pua kali inayouma kona hata kama nyuma panateleza. Alex Albon, aliyekalia kiti cha pili cha Red Bull kabla ya Pérez, alilifananisha gari la namna hiyo na kipanya cha kompyuta kilichoongezwa wepesi hadi mwisho: ukigusa kidogo tu, mshale umeruka kioo kizima.

Mwaka 2024 bili ikaja. Verstappen bingwa kwa pointi 437, Pérez 152, jumla 589, na Red Bull wakawa wa tatu. McLaren walipata 666, Ferrari 652. Piastri wa McLaren peke yake alileta 292, Sainz wa Ferrari 290. Fedha za zawadi hugawiwa kwa nafasi ya timu, si kwa kombe la dereva mmoja. Ili kuwapita McLaren zilihitajika pointi 78 zaidi katika mbio 24, tatu na ushee kwa kila mbio. Hizo hazifiki hata pointi 4 za anayemaliza wa nane.

Inawezekana kweli Pérez alikuwa amechoka. Lakini kati ya 2019 na 2025 kiti hicho kimewapitisha Gasly, Albon, Pérez, Lawson na Tsunoda. Gasly alishushwa baada ya mbio 12, na mwaka uliofuata akashinda Monza akiwa na timu ndogo. Lawson alipewa mbio mbili. Tsunoda aliletea Red Bull pointi 30 mwaka ambao mwenzake alipata 421. Watu watano wa vipaji tofauti hawawezi kusahau kuendesha wakifika mlango uleule.

Kwa msimu wa 2026 kiti amepewa Isack Hadjar. Nitakuwa namtazama yeye, hasa ile mizunguko ambayo atakuwa anaendesha kwa ajili ya mtu mwingine.