Kura 206 kwa 203: mkulima wa Minnesota na vita vya Yemen

Ukiwasikiliza wanaomtetea Collin Peterson, aliyekuwa mbunge wa Democratic kutoka Minnesota, kura yake ya Desemba 12, 2018 ilikuwa ya utaratibu tu. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikuwa linapitisha masharti ya mjadala wa mswada wa kilimo. Humo ndani, viongozi wa Republican wakachomeka kifungu cha kuzuia azimio la kuitoa Marekani katika vita vya Yemen, ilikokuwa ikiusaidia muungano wa kijeshi ulioongozwa na Saudi Arabia, lisilazimishwe kupigiwa kura hadi bunge hilo limalize muda wake. Funika kombe mwanaharamu apite. Masharti yakapita kwa kura 206 dhidi ya 203, wabunge watano wa Democratic wakiyaunga mkono, Peterson akiwamo.

Utetezi wake una uzito. Ndiye aliyeongoza upande wa Democratic kwenye Kamati ya Kilimo. Sheria ya zamani ya kilimo ilikuwa imekwisha muda tangu Septemba, na wakulima wa soya walikuwa wameumizwa na ushuru wa China. Isitoshe, Trump angelipinga azimio hilo kwa kura ya turufu.

Haya, tuhesabu. Mswada wa kilimo wenyewe ulipita siku ileile kwa kura 369 dhidi ya 47. Mswada unaopendwa hivyo haufi kwa kuangushwa masharti ya mjadala. Ungerudi kesho yake na masharti mengine yasiyoitaja Yemen, au ungepitishwa kwa njia ya mkato inayotaka theluthi mbili, na theluthi mbili zilikuwapo na kubaki. Mkulima hakuwa hatarini hata kidogo. Kwa upande wa Yemen, wawili tu kati ya wale watano wangebadili kura, hesabu ingekuwa 204 kwa 205.

Peterson mwenyewe alikiri kwamba suala la Yemen halijui. Ukweli wake nauheshimu, ila Agosti mwaka huohuo bomu la muungano huo, lililotengenezwa Marekani, lilikuwa limelipiga basi la wanafunzi huko Dahyan, mkoani Saada, likaua watoto 40. Habari hizo zilienea dunia nzima.

Kesho yake baada ya kura ya Peterson, Seneti ikapitisha azimio lake, 56 kwa 41, likakosa pa kwenda. Januari ikabidi waanze upya, na turufu ya Trump ikaja Aprili 2019, miezi minne baada ya kura ya Peterson, huku ndege za muungano zikiendelea kuruka.