Matangazo ya Google kwa fundi mdogo: anza kwa kukataa

Hela nyingi za matangazo ya kulipia kwa kubofya hupotea siku ile ile ya kuunda kampeni, kwenye visanduku vilivyokuja vimeshatiwa tiki. Fundi bomba au mfua mazulia anatafuta watu wa eneo lake wenye shida leo, basi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kampeni yake ijengwe kwa kukataa kwanza, kukaribisha baadaye.

Anza na eneo. Ukichagua mji wako, mpangilio wa kawaida huwahesabu waliomo mjini pamoja na yeyote aliyeonyesha kuvutiwa na mji huo, hata kama yuko nchi nyingine. Fungua chaguo za eneo, ubakize waliopo au wanaofika huko mara kwa mara. Toa pia tiki ya mtandao wa maonyesho, ule unaopeleka tangazo kwenye tovuti na gemu za simu, ambako mtoto hulibofya akitafuta pa kulifunga. Tovuti washirika wa utafutaji, yaani tovuti nyingine zinazoonyesha matangazo ya utafutaji ya Google, nazo zisubiri. Na hakikisha sarafu kabla hujafungua akaunti, maana haibadilishiki tena.

Kwenye maneno muhimu, yaani yale unayochagua ili mtu akiyatafuta tangazo lako limtokee, ndiko hela inakoliwa hasa. Neno lisilo na alama yoyote huchukuliwa kwa upana: andika kuzibua choo hivi hivi, na tangazo linaweza kumtokea anayetafuta dawa ya kuzibua mwenyewe. Ukilifunga kwa alama za kunukuu, utafutaji lazima ubebe maana ya kifungu hicho. Ukilitia ndani ya mabano ya mraba, maana lazima iwe ile ile. Kwa bajeti ndogo sioni sababu ya kuanza na upana, hata mfumo ukubembeleze vipi. Maneno 10 hadi 15 ya mtu anayetaka kuita fundi yanatosha. Kila huduma iwe na kikundi chake, kuzibua kivyake na matangi kivyake, ili tangazo na ukurasa anaotua mteja vizungumzie shida aliyoiandika.

Kisha weka maneno ya kukataa, ambayo mtu akiyaandika tangazo lisimtokee: bure, ajira, mshahara, kozi, jinsi ya. Haya hayajiongezi yenyewe kwa wingi wala visawe. Ukikataa chuo ukasahau vyuo, wa vyuo atapita na utamlipia. Kila wiki soma ripoti ya maneno yaliyotafutwa, yaani yale watu waliyoandika kwa mikono yao. Humo ndimo utakamoona unalipia nini hasa.

Tangazo lenyewe hupokea vichwa hadi 15 vya herufi 30, na maelezo 4 ya herufi 90. Kiswahili hujaza nafasi haraka: «Fundi bomba wa kuaminika saa zote» ni herufi 33 pamoja na nafasi, haiingii. «Tunazibua choo leo leo» inaingia, tena inasema kitu.

Bajeti ya siku isikushtue. Siku moja mfumo unaweza kutumia hadi maradufu, lakini kwa mwezi hautakutoza zaidi ya bajeti hiyo mara 30.4.

Pima simu. Namba iliyoko ukurasani iwe ya kugusa ikapiga, na mguso huo urekodiwe kama tukio la mafanikio. Panga saa za tangazo zilingane na saa ambazo kuna mtu wa kupokea, kwa sababu mbofyo wa usiku usiojibiwa unatozwa vile vile. Kumbuka kuwa saa 2 asubuhi huingizwa kama 8:00. Ukiweka 2:00 utakuwa umewasha tangazo saa 8 usiku.

Kwenye zabuni, yaani namna mfumo unavyoshindania nafasi ya tangazo lako, anza na mkakati wa kuongeza mibofyo, ukiweka kikomo cha bei kwa kila mbofyo. Ule wa kuongeza matukio ya mafanikio uuhamie simu zikishaanza kurekodiwa kwa wingi. Kabla ya hapo mfumo hauna cha kujifunzia. Na mapendekezo ya Google yanayojitekeleza yenyewe kwenye akaunti yako yazime yote. Baadhi yake hurudisha maneno mapana uliyokwisha kuyakataa, na alama ya uboreshaji, ile asilimia ambayo Google huipa akaunti yako, ikishuka kwa kuyapuuza haiongezi bei ya mbofyo wako hata senti.