Picha nayo husomwa

Mtoto wa darasa la kwanza anafungua kitabu. Pamechorwa ndama kando ya zizi, na chini yake limeandikwa neno moja tu: ndama. Mtoto anatupia picha jicho na kusema kwa sauti, "Ng'ombe!" Hajagusa hata silabi moja.

Walimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wanaijua sana hali hii, na wapo wanaofunika picha kwa kiganja mtoto anaposoma. Wana hoja. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, S. Jay Samuels, alionyesha kuwa picha iliyo kando ya neno inaweza kumpunguzia msomaji anayeanza kasi ya kulijua neno lenyewe, maana macho hukimbilia picha. Kwa Kiswahili hoja hiyo inazidi uzito: mtoto akishazishika silabi, neno husomeka kama lilivyoandikwa. Hana haja ya kubahatisha.

Lakini wepesi huohuo una hatari yake. Mtoto anateremka ukurasa mzima bila kukwama, kisha ukimuuliza amesoma nini, kimya. Hapo ndipo ninapoachana na wanaofunika picha. Sayansi inapoanza, mchoro si pambo tena, ni sehemu ya maelezo, na mtoto ambaye hakufundishwa kuusoma anapitwa na nusu ya somo.

Niliketi na mpwa wangu wa miaka minane tukiutazama mchoro wa maisha ya mbu: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu mpevu, na vishale vikizunguka. Nikamuuliza kipi kikubwa, yai au mbu. "Viko sawa, mjomba." Kwa alichokiona, hakukosea, mchoraji alilikuza yai ili lionekane, na hakusema popote kwamba amelikuza. Na kishale je? "Mbu anarukia huku." Kwake kishale ni kile cha barabarani, kinaonyesha njia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hapa kinamaanisha "anageuka kuwa".

Sisi watu wazima tunasahau kwamba haya yote tulijifunza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta watoto wa miezi 9, wa Marekani na wa Ivory Coast, wakijaribu kuvishika na kuvitoa kitabuni vitu vilivyo kwenye picha. Hata kujua kwamba picha si kitu chenyewe huja taratibu.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika na vitabu vya kugombania ataniuliza muda wa kueleza kishale kimoja anautoa wapi. Swali lake ni la haki, na sina jibu la kumaliza tatizo la vitabu. Ila ubao anao, na kwa kazi hii ubao unakishinda kitabu. Kitabu kinamwaga mchoro wote kwa mkupuo mmoja. Chaki inachora yai, inasubiri, inavuta kishale, ndipo kiluwiluwi anatokea, na mtoto ameshuhudia maana ya kishale ikizaliwa.

Siku ile nilimpeleka mpwa wangu kwenye pipa la maji ya mvua. Viluwiluwi walikuwa wakijinyonganyonga, wembamba kama vipande vya uzi. Jioni nikampa karatasi achore mwenyewe. Yai alilichora nukta. Pembeni akachora jingine kubwa, akalizungushia duara na kuandika: limekuzwa.