Gemu ya Bure Inaweza Kukutoa Hela Kuliko ya Kununua

Mwanafunzi wa Arusha au Moshi akiuliza gemu gani ya kompyuta haitamtoa hela, jibu la haraka ni moja: chukua za bure za mtandaoni. Dota 2, League of Legends, Genshin Impact, zote unaanza bila kulipa hata shilingi. Ni kweli. Ila wanaojibu hivyo wanaangalia bei ya dukani tu, bando hawaligusi.

Dota 2 inadai nafasi ya GB 60 kwenye diski. Aliyepanga chumba Njiro bila Wi-Fi atazinunua GB hizo kwa vocha, na apudeti kubwa ikitoka anaingia mfukoni tena. Tuseme haki: ukishaipakua, kucheza kwenyewe kunakula data kidogo kuliko kuangalia video. Tatizo jingine ni kwamba gemu ya aina hii inaishi na kufa na mtandao. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikazorota, hapakuwa na cha kucheza.

Gemu za mikakati ndizo zinazonivutia zaidi, kwa sababu zipo za bure ambazo hazidai bando. The Battle for Wesnoth ipo tangu 2003, ni ya kupokezana zamu, na laptop ya mtumba isiyo na kadi ya picha inaimudu. 0 A.D. inataka mashine yenye nguvu kidogo, lakini ndani yake unaweza kuongoza Wakushi wa bonde la Nile, siyo Warumi na Wagiriki peke yao. Zote mbili ni programu huria. Mmoja akizipakua, wenzake wananakili kwa flashi bila kuvunja sheria, tofauti na zile gemu za wizi zinazouzwa mitaani pamoja na virusi vyake.

Mtetezi wa gemu za mtandaoni atasema: na ushindani je? Hapa ana hoja, ingawa siyo yote. Laptop mbili tatu zikiunganishwa kwenye hotspot ya simu, data ikiwa imezimwa, 0 A.D. inachezeka hosteli bila kula hata MB moja. Unachokosa ni mpinzani usiyemjua, yule wa saa nane usiku anayekuchapa bila huruma. Kwa anayetaka kupanda daraja kwenye mashindano, rafiki wa chumba cha pili hatoshi, na huyo simkatazi Dota.

Gemu za kuigiza mhusika ni habari nyingine. Za zamani kama Fallout ya 1997 na Planescape: Torment ya 1999 zinauzwa GOG, duka ambalo mafaili yake hayana kufuli: unapakua mara moja, unacheza bila mtandao hata miaka kumi baadaye. Wakati wa punguzo Fallout hushuka chini ya dola 5. Lakini lazima uwe na kadi ya kulipia mtandaoni, na wengi hawana. Halafu kuna Kiingereza. Torment ni ya kusoma kuliko kupigana, kurasa kwa kurasa, na aliyetoka darasani amechoka hataiona kama starehe. Mimi naipenda, ila nampendekezea mtu anayesoma riwaya kwa hiari yake.

Kwa hiyo mwenye Wi-Fi isiyo na kikomo aende na Dota. Asiye nayo aanze na Wesnoth, mashine ikiruhusu aongeze 0 A.D., na akipata kadi asubiri punguzo la GOG. Na kama shida yake ni mpira tu na kelele za wenzake, kibanda cha PlayStation cha mtaani kwao, cha kulipia kwa mechi, kitamfaa kuliko zote hizi.