Pangani: mji uliorukwa na reli na daraja linalokuja

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 75,642 katika wilaya ya Pangani, mkoani Tanga. Mwaka 2012 walikuwa 54,025, na mwaka 2002 walikuwa 44,107. Kati ya 2002 na 2012 wilaya hii iliongezeka kwa asilimia 22, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 30. Miaka kumi iliyofuata Pangani ikapanda kwa asilimia 40 na kuipita kidogo nchi, iliyopanda kwa asilimia 37. Kwa mahali palipozoeleka kusemwa kuwa pamelala, hayo ni mageuzi makubwa.

Ukiongeza na daraja la mita 525 linalojengwa juu ya mto Pangani, sehemu ya barabara ya lami itakayotoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Tanga, utaelewa kwa nini mjadala umepamba moto. Wapo wanaosema mji unafufuka. Wapo wanaosema unaandaliwa kuuzwa. Naona kila upande una haki fulani, na haki hiyo inatoka katika historia.

Karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya maana. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Kilimanjaro na Umasaini iliishia hapa, na mashamba ya miwa kando ya mto, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, yalitoa sukari ya kuuza nje. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikiwakilishwa na Emil von Zelewski, ilikuja kushika forodha na kupandisha bendera yake. Watu wa Pangani walikataa. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita vilivyoenea mwambao, hadi aliponyongwa papa hapa Desemba 1889. Zelewski naye hakudumu: mwaka 1891 aliuawa Lugalo na jeshi la Mkwawa.

Kisha ukaja mwaka 1893, ambao kwangu ndio mwaka mzito kuliko yote katika historia ya mji huu. Mwaka huo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto, na ndiyo iliyozaa mkonge wa Tanganyika. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianzia Tanga, yapata kilomita 50 kaskazini. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, mzigo wa bara haukuwa tena na sababu ya kushuka hadi Pangani. Mkonge uliwaletea watu, reli ikawachukulia biashara.

Watu hao ni manamba, vibarua wa mikataba waliotoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Wengi hawakurudi makwao. Ndiyo maana ukiuliza Pangani ni ya nani, jibu la Wazigua, Wabondei, Wasegeju na Waswahili wa mjini, pamoja na familia zenye asili ya Uarabuni na Uhindini, halijakamilika mpaka uwataje wajukuu wa manamba. Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000. Baadaye bei ilianguka mbele ya kamba za plastiki, mashamba yakadorora, lakini watu walibaki, wakishika uvuvi, minazi na mwani.

Wanaolitetea daraja wana hoja ambayo siwezi kuipinga. Mto umeikata wilaya vipande viwili. Mgonjwa wa Bweni, Kipumbwi au Mkwaja anayehitaji hospitali ya wilaya lazima avuke, na uhai wake unategemea kivuko kiwe kizima. Hilo peke yake linatosha kuhalalisha daraja, hata kama asingekuja mtalii mmoja.

Lakini wanaotumia sensa kuthibitisha kwamba barabara imeshaanza kuijaza Pangani wanakosea. Ongezeko hilo lilitokea kabla gari lolote halijapita darajani, na takwimu ni za wilaya nzima, zikijumlisha mji na vijiji vyake. Anayesema "mji unafufuka" kwa hesabu hizo anatakiwa aonyeshe maduka, ajira na majumba ya kale yaliyokarabatiwa.

Wanaohofia nao wana ushahidi wa 1893: njia kuu ikijengwa kwa mahitaji ya wengine, mji mdogo unaweza kuachwa kando. Barabara hii inaelekea Horohoro, mpakani na Kenya, na malori ya mizigo hayana haja ya kusimama Pangani. Ninachowapinga ni kudhani kwamba kubaki bila daraja kungewalinda. Pwani ya Ushongo ilishapata hoteli za kitalii wakati wa kivuko, na anayetaka kiwanja cha ufukweni hufika hata kwa mashua.

Kinachoamua ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji hatimiliki ya kimila, lakini mkulima wa minazi asiye na karatasi hiyo hujikuta dhaifu pale mnunuzi anapokuja na mawakili. Bei hupanda na lami, na familia inayouza mapema kwa shida ya ada ya shule haitaweza kununua tena palepale. Kwa hiyo naliunga mkono daraja, ila nataka halmashauri ipime vijiji vya ukanda wa kusini na kutoa hati sasa, kabla barabara haijafunguliwa, na kila ombi la ardhi ya ufukweni lisomwe wazi katika mkutano mkuu wa kijiji: nani anaomba, eka ngapi, na kwa miaka mingapi.